Uvimbe wa ngozi aliozaliwa nao mtoto: mwongozo kamili wa kuutambua, kuanzia lebawodi mpaka majibu ya maabara

Mtoto alikuwa na siku 12. Mama yake alimleta kliniki amemfunga kwenye kanga mbili, akafunua paja la kushoto nikaona bonge la ukubwa wa limao, ngozi yake imevutika mpaka inang'aa, na juu kuna bandeji imelowa damu. Alikotoka waliambiwa ni jipu wakalipasua, usaha haukutoka hata tone, ilitoka damu tupu tena iligoma kukata usiku kucha. Nikamuuliza swali moja tu, mama, hili bonge uliliona lini? Akanijibu, "Dada nesi, siku ileile naambiwa ni wa kike lilikuwepo hapohapo, ila dogo." Yaani kapita kwa watu wanne na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hilo. Angeulizwa, wembe usingegusa lile paja, maana mimi miaka yote ya lebawodi sijawahi kuona mtoto anazaliwa na jipu.

Ndo maana naandika hapa kwa kirefu. Wazazi someni, wakunga wenzangu na matabibu wa zahanati someni pia, haya mambo ni adimu ndio, lakini yakikupata wewe hayana uadimu wowote. Na nisemavyo kutambua simaanishi utoe jina la ugonjwa ukiwa nyumbani, jina linatoka hospitali, ila yale utakayoyaona na kuyaandika wewe siku za mwanzo ndo nusu ya majibu, na hakuna mashine itakayoweza kurudi nyuma kuyatafuta.

Hatua ya 1: andika tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Chukua kadi ya kliniki, geuza ukurasa wa nyuma, andika siku uvimbe ulipoonekana mara ya kwanza na siku hiyo ulikuwaje. Naweka hii mbele ya rangi, mbele ya ukubwa, mbele ya kila kitu, kwa sababu uvimbe wa watoto wachanga unajulikana kwa kalenda yake kuliko kwa sura yake.

Ule wa kawaida kabisa unaitwa hemanjioma ya watoto wachanga, ni vimishipa vya damu vinavyojazana sehemu moja, unawapata kama watoto 4 mpaka 5 kwenye kila 100, zaidi wa kike na wale njiti. Sasa sikiliza tabia yake: siku ya kuzaliwa mara nyingi haupo, au kuna kidoa tu kilichopauka au kama mchubuko, watu wanadhani ni alama ya kubanwa wakati wa kuzaliwa, alafu wiki ya 2 au ya 3 unaanza kuumuka, wiki ya 5 mpaka ya 7 unakimbia kweli, na ukifika mwezi wa 5 kwa watoto wengi umeshamaliza kukua. Baada ya hapo unapungua polepole kwa miaka.

Kwahiyo mtoto akitoka tumboni na bonge lililokwishakamilika, kubwa, limejaa, hiyo sio hemanjioma ya kawaida. Hapo umeshaingia kwenye kundi la wale adimu na lazima aonwe na mtu anayeijua kazi. Wengi wanalisikia hili kichwani wanaliacha, tafadhali liandike.

Andika na haya mengine: mtoto alizaliwa wiki ya ngapi na kilo ngapi, kama ultrasaundi ya ujauzito iliona kitu, kama uvimbe unakua kwa kasi kuliko mtoto mwenyewe, kama umewahi kutoa damu, na chanjo au sindano yoyote alichomwa wapi. Hii ya sindano watu wanaidharau, ila nimeona uvimbe wa paja ukasingiziwa sindano ya vitamini K wakati ulikuwepo kabla hata sindano haijafunguliwa.

Hatua ya 2: mvue nguo zote, kaa naye dirishani

Taa ya chumbani inadanganya. Mlaze mtoto karibu na dirisha asubuhi, mvue mpaka nepi, anza utosini shuka mpaka nyayo. Pekua nywele kwa vidole, angalia nyuma ya masikio, kwapani, mikunjo ya shingo, kinywani akilia, sehemu za siri, katikati ya makalio, katikati ya vidole. Unatafuta uvimbe wa pili na wa tatu, maana idadi inabadilisha vipimo vyote vinavyofuata.

Alafu kuna hili la rangi. Picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe, uvimbe wa damu pale unaonekana mwekundu kama stroberi. Kwa watoto wetu weusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, utaona zambarau iliyofifia, au kijivu, au weusi mzito kuliko ngozi ya pembeni, na wakati mwingine rangi iko sawa kabisa ila kuna mwinuko. Nimekutana na matabibu wazuri tu wamesema "hii sio hemanjioma kwasababu sio nyekundu". Usiisubiri iwe nyekundu. Chukua glasi safi ya kioo au kopo la plastiki linaloonyesha, bonyeza taratibu juu ya uvimbe huku unachungulia kwa ndani, rangi ikikimbia chini ya glasi alafu ikarudi ukiachia, ndani kuna damu inayotembea, ikibaki vilevile basi ni rangi ya ngozi yenyewe au ni damu iliyovujia nje ya mishipa.

Na msichanganye na baka la bluu-kijivu la matakoni au mgongoni chini, lile bapa lisilo na mwinuko. Hilo watoto wengi sana wa Kiafrika wanazaliwa nalo, sio uvimbe, haliumi, linafifia mtoto anavyokua. Ila mkunga aliandike kwenye kadi siku ya kwanza ili kesho na keshokutwa asije mtu akadhani mtoto kapigwa.

Hatua ya 3: shika kwa akili

Nawa mikono, ipashe moto. Weka mgongo wa mkono wako juu ya uvimbe alafu upeleke upande wa pili wa mwili, mahali palepale, linganisha joto. Ukiwa wa moto kuliko upande wa pili, kuna damu nyingi inapita humo.

Ugumu unapimwa hivi, mimi nilifundishwa hii na sijaiacha mpaka leo: gusa ndewe ya sikio lako, alafu ncha ya pua, alafu paji la uso. Laini kama ndewe, mara nyingi hiyo ni aina ya hemanjioma au mfuko wa majimaji. Kama ncha ya pua, inakaza ila inabonyea, hapo kaa macho. Kama paji la uso, gumu, halisogei juu ya nyama ya chini, huyo mtoto asilale nyumbani wiki nzima bila kuonwa.

Zima taa, washa tochi ya simu uibandike ubavuni mwa uvimbe. Ukiwaka wote kama puto lenye maji, hasa kwenye shingo au kwapa, kuna uwezekano mkubwa ni mfuko wa limfu, yale majimaji meupe yanayopita kwenye mirija yake mwilini. Hiyo ni hitilafu ya mirija, sio uvimbe wa chembe zinazozaliana, ingawa nayo inahitaji daktari.

Kuna kipele kimoja, kimekaa peke yake, rangi ya kahawia au manjano iliyokolea, ukikisugua kidogo kwa kidole kinavimba na kuwasha ndani ya dakika chache kama umeng'atwa na mdudu. Hiyo inaitwa mastositoma, ni seli za mzio zimerundikana pale. Ukishaona mara moja inatosha, usirudie kusugua, na kama viko vingi mwilini usisugue kabisa, mwachie daktari.

Uvimbe ambao ndani unausikia kama mfuko wa minyoo, kamba laini zinapishana, alafu mtoto ana madoa bapa rangi ya chai ya maziwa, yahesabu. Yakifika 6 au zaidi na kila moja limezidi milimita 5, mwambie daktari hivyohivyo, atajua anatafuta ugonjwa gani wa mishipa ya fahamu.

Hatua ya 4: rula na simu

Kila wiki siku ileile, mimi nawaambia kina mama Jumamosi, weka rula au utepe wa fundi cherehani pembeni ya uvimbe, piga picha moja kwa juu na moja kwa ubavuni, mwanga uleule wa dirishani, bila flashi. Andika urefu na upana. Hii kazi ya dakika mbili ina thamani kuliko maneno "umekua sana", maana daktari akiona picha nne zenye rula anajua mwenyewe kasi, na kasi ndo inayotenganisha unaosubirika na usiosubirika. Picha zitumie na kwa ndugu unayemwamini, simu zinaibiwa.

Hatua ya 5: uko sehemu gani ya mwili

Uvimbe mmoja uleule una maana tofauti ukihama sehemu. Ukiwa kwenye kope au karibu na jicho, unaweza kuziba uoni na jicho la mtoto likiziba wiki chache tu ubongo unaanza kulisahau. Ukitandaa eneo la ndevu, yaani kidevu, taya, midomo ya chini na mbele ya shingo, waza na koo, sikiliza anavyopumua. Hemanjioma pana usoni iliyozidi sentimita 5 inahitaji kuangaliwa mishipa ya ubongo, moyo na macho, kuna mkusanyiko wa kasoro unaoitwa PHACE. Zikiwa 5 au zaidi mwilini, hata kama ni ndogondogo, ini lipigwe ultrasaundi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwenye mstari wa kati. Chukua mstari kutoka utosini, katikati ya paji, shina la pua, ushuke mgongoni mpaka kwenye mkia. Uvimbe wowote uliokaa juu ya huo mstari, uwe laini uwe mgumu, uwe na kishimo, uwe na nywele zimeota juu yake, USICHOMWE SINDANO, usikamuliwe, usipasuliwe mpaka picha ya ndani ipigwe. Unaweza kuwa kifuko cha demoidi, yaani kifuko chenye vitu vya ngozi ndani, chenye njia ya kuingia kwenye fuvu, unaweza kuwa ni ubongo au uti wa mgongo wenyewe umechungulia nje, na ukivimba mtoto anapolia ndo kabisa usiuguse. Bonge la pale kwenye mkia kwa mtoto mchanga linaweza kuwa teratoma, yaani uvimbe wenye tishu za aina nyingi zilizochanganyika, inatokea kama mtoto 1 kwenye 35,000 hadi 40,000, hiyo ni ya upasuaji wa mapema sana.

Hatua ya 6: majina ya wale adimu, na wanavyojitambulisha

Hapa nakaa kidogo.

*Hemanjioma ya kuzaliwa nayo.* Hii ndo ile iliyokamilika tumboni. Huwa moja tu, kichwani au kwenye mkono au mguu karibu na kiungo, zambarau-kijivu, na mara nyingi imezungukwa na pete ya ngozi iliyopauka. Ziko za aina inayonywea haraka, inaanza kupungua wiki za mwanzo na kati ya mwezi wa 6 na wa 14 imeisha imeacha ngozi imelegea, na ziko zisizonywea kabisa, zinakua sambamba na mtoto. Ikiwa kubwa sana inaweza kuuchosha moyo, kwahiyo hata kama daktari kasema "itaisha" bado anatakiwa kufuatiliwa.

*Hemanjioendothelioma ya kaposifomu.* Jina refu, ugonjwa mkali. Isichanganywe na ile saratani ya Kaposi ya watu wazima tunayoijua huku kwetu, hii ni kitu kingine. Uvimbe mgumu kama mbao, zambarau iliyoiva, kwenye paja, bega, kiuno au mgongo, hauna mipaka mizuri, ngozi ya pembeni imechujuka kama mtoto kapigwa. Hatari yake ni kwamba unaziteka chembe sahani za damu, zile zinazogandisha, unazifungia humo ndani. Mwaka 1940 madaktari wawili wa Marekani, Kasabach na Merritt, walieleza mtoto wa namna hii, na kwa miaka karibu 60 watu wakaamini kwamba hemanjioma yoyote kubwa inaweza kufanya hivyo. Mwaka 1997 ndo ikathibitika kuwa hemanjioma ya kawaida haina tabia hiyo, ni hii kaposifomu na ndugu yake angioma ya vishada. Dalili nyumbani: uvimbe uliokuwa umetulia ghafla ndani ya siku moja mbili unakaza, unauma, unakuwa mweusi, na mwilini vinatokea vidoa kama vya kalamu nyekundu au nyeusi ambavyo ukibonyeza haviondoki. Hiyo ni safari ya usiku huohuo.

*Fibrosakoma ya watoto wachanga.* Hii ni saratani kweli, ila ina tabia njema kuliko zile za watu wazima. Inapenda mikono na miguu, inakua haraka, ngozi inavutika inang'aa mishipa inaonekana juu, inaweza kupasuka na kutoa damu, na kwa macho inafanana na uvimbe wa damu mpaka wataalamu wakubwa wanadanganyika. Mwaka 1998 iligundulika kwamba nyingi ya hizi zina jeni mbili zilizounganika vibaya, ETV6 na NTRK3, na mwishoni mwa 2018 Marekani ikaidhinisha dawa inayolenga hitilafu hiyohiyo, larotrektinibu. Huku kwetu dawa zinazotumika zaidi ni za kemo za kawaida na zinafanya kazi. Kilichoamua kwa watoto niliowaona ni kama uvimbe ulitambuliwa kabla ya kukatwakatwa ovyo.

*Myofibroma.* Kinundu kigumu kama mpira wa kufutia, kichwani, shingoni au kiwiliwili. Kikiwa kimoja kwa kawaida kinanywea chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikiwa vingi ndo shughuli, lazima mapafu, tumbo na mifupa vipigwe picha, maana vikiwa vimeingia ndani mambo yanabadilika.

*Baka kubwa jeusi lenye nywele.* Wengine wanamwita mtoto "kazaliwa na ngozi ya mnyama" na hilo neno limemuumiza mama mmoja baada ya mwingine, tuliache. Ni seli za rangi zilizozidi, kitaalamu nevasi. Linaitwa kubwa kama mtoto akiwa mtu mzima litazidi sentimita 20, sasa mtoto mchanga unapimaje? Zidisha. Likiwa kichwani zidisha kipimo cha leo kwa 1.7, kiwiliwili kwa 2.8, mguuni kwa 3.3. Baka la sentimita 8 mgongoni leo, 8 mara 2.8 ni 22.4, basi hilo ni kubwa tayari. Haya makubwa yana uwezekano wa melanoma, saratani ya seli za rangi, wa asilimia 2 mpaka 5 hivi katika maisha, na mengine yanakuja na seli hizohizo kwenye ubongo. Ndo maana mtoto mwenye madoa hayo mawili au zaidi tangu kuzaliwa, wataalamu wengi wanataka apigwe MRI, ile picha ya ndani inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya kichwa na mgongo kabla hajafika miezi 6, baadae ubongo unavyokomaa zile seli zinajificha kwenye picha. Kinundu kigumu kikiota juu ya baka, au chini yake, rudi mara moja.

*Vinundu vingi vya bluu-nyeusi mwili mzima.* Hapa ngozi inapiga kelele kwa niaba ya viungo vya ndani. Inaweza kuwa maambukizi ya rubella aliyoyapata tumboni, inaweza kuwa leukemia, yaani saratani ya damu, inaweza kuwa neuroblastoma, saratani ya watoto inayoanzia kwenye chembe za mishipa ya fahamu, iliyosambaa. Usikae kubahatisha, ni wodi ya watoto siku hiyohiyo.

Vingine kwa haraka tu: kibapa cha manjano kisichoota nywele kichwani ni nevasi ya mafuta, sio dharura, afuatiliwe na kama ni kuondolewa kitaondolewa akikua. Vipele vya manjano-kahawia vyenye kung'aa ni zanthogranuloma ya watoto, vinaisha vyenyewe, ila macho yaangaliwe. Magamba na vipele vya kahawia kwenye mikunjo visivyosikia dawa yoyote ya fangasi, vinavyotoa damu kidogo, daktari afikirie histiositosisi ya Langerhans, ugonjwa wa aina fulani ya chembe za kinga kuzaliana kupita kiasi.

Hatua ya 7: usisubiri kesho

Damu isiyokata baada ya kukandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Uvimbe uliokaza au kubadilika rangi ghafla. Vidoa vya damu mwilini. Anapumua kwa shida au sauti imebadilika. Jicho halifunguki. Ananyonya akichoka anatoka jasho kichwani, huo ni moyo. Viganja na midomo imepauka. Kidonda juu ya uvimbe, hata kidogo, maana vinauma sana na mtoto analia usiku kucha nyumba nzima inadhani ni tumbo.

Na haya msifanye, nawaomba kwa moyo wote: msifunge sarafu juu ya uvimbe, msiukaze kwa uzi, msichanje, msikande kwa maji ya moto, msipake majivu wala dawa ya meno. Bibi anafanya kwa upendo, najua, mwelezeni kwa heshima kwamba huu uvimbe una mishipa ya damu kama mkono wenyewe. Na mama asiambiwe kwamba alitamani chakula akajishika, au alitoka nje jua limepatwa. Hakuna alichofanya.

Hatua ya 8: hospitali, vipimo vinakwenda kwa mpangilio huu

Cha kwanza ni kipimo cha damu, ile picha kamili ya damu, na hasa idadi ya chembe sahani. Kawaida ni 150,000 mpaka 450,000, kwenye kaposifomu zinaweza kushuka chini ya 20,000. Uvimbe mgumu wa zambarau usiguswe na sindano wala kisu kabla ya namba hii kujulikana. Na zikiwa chini vile, kumwongezea chembe sahani bila sababu kunaweza kuuvimbisha zaidi, zinawekwa kama anavuja damu au anaenda kupasuliwa, hilo daktari wake ataamua. Aspirini asipewe.

Cha pili ultrasaundi yenye dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea. Haina mionzi, haihitaji usingizi, hospitali nyingi za mkoa wanayo. Jipu ndani yake halina damu inayopita, hemanjioma imejaa mtiririko wa kasi. Yule binti wa siku 12, kipimo hiki cha dakika 15 kingemwokoa na wembe. Omba mpigaji aandike vitu vitatu: ukubwa, kina umefika tabaka gani, na damu inapita vipi.

Cha tatu MRI, kwa uvimbe mkubwa, wa mstari wa kati, au unaoonekana kuingia ndani. Mtoto mchanga sana akinyonyeshwa akashiba na kufungwa vizuri kwenye shuka anaweza kulala bila dawa ya usingizi, uliza kama wanafanya hivyo.

Cha nne baiopsi, yaani kukata kipande kidogo kipelekwe patholojia, maabara inayosoma vipande vya mwili kwa hadubini. Sio kila mtoto anahitaji, hemanjioma yenye kalenda yake sahihi haihitaji. Inahitajika pale kalenda imegoma, uvimbe mgumu, unakua kasi, au picha hazieleweki. Wenzangu, kipande kiingie kwenye formalini asilimia 10, sio spiriti, sio maji ya chumvi, na formalini iwe kama mara 10 ya kipande. Na fomu ijazwe. Mtaalamu wa patholojia hamwoni mtoto, anaona kipande kwenye kioo cha hadubini tu, ukimwandikia "uvimbe, paja" umemfunga macho. Andika umri kwa siku, uvimbe ulikuwepo tangu kuzaliwa au la, kasi, rangi, ugumu, chembe sahani ngapi. Kuna rangi maalum wanazopaka kwenye kioo, ile ya GLUT1 inashika kwenye hemanjioma ya kawaida lakini haishiki kwenye ile ya kuzaliwa nayo wala kaposifomu, kwahiyo kama maabara haina, uliza kipande kinaweza kutumwa wapi.

Kwa rufaa, Tanzania KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda tangu 1992, Bugando Mwanza na Muhimbili Dar wana madaktari wa watoto wenye saratani, Kenya kuna Kenyatta Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi Eldoret, Uganda kuna Mulago na taasisi ya saratani jirani yake. Ukifika pitia ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, sio siku ya bili.

Hatua ya 9: dawa kidogo, na makaratasi

Hemanjioma ya kawaida iliyo sehemu mbaya inatibika kwa propranololi ya maji. Iligunduliwa Bordeaux, Ufaransa, Dk. Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa wanampa mtoto dawa hiyo kwa ajili ya moyo, uvimbe wa puani ukaanza kulainika, wakachapisha 2008. Inafanya kazi vizuri ikianza mapema, mtoto mwenye hemanjioma ya wasiwasi aonwe na mtaalamu akiwa na mwezi 1 hivi, sio miezi 6. Ila usinunue duka la dawa ukakadiria, inashusha sukari na mapigo ya moyo, dozi inapigwa kwa kilo, anapewa akiwa ameshanyonya, na akitapika, akigoma kunyonya au akianza kubana kifua unaisimamisha na kupiga simu. Kaposifomu inatibiwa kwa sirolimasi, steroidi au vinkristini, hiyo ni ya hospitali kubwa tu.

Majibu ya patholojia yakitoka omba nakala, piga picha, tunza. Uliza namba ya kipande, maana kipande cha mtoto wako kinahifadhiwa kwenye kijiboksi cha nta na kinaweza kukatwa tena kikaangaliwa upya. Yule binti wa paja, majibu yake ya kwanza yalisema tu "uvimbe wa mishipa". Daktari aliyempokea hakuridhika, kalenda na ule ugumu havikukubaliana na karatasi, akamtuma baba mtu na barua kwenda kuomba ile nta, baba akapanda basi la alfajiri akarudi nayo kesho yake kwenye bahasha ya kaki, ameishika mkononi njia nzima. Iliposomwa upya ilikuwa ni fibrosakoma, kemo ikaanza wiki ileile.